Kumfundisha Bibi Kupanda Mashua

Kabla ya kazi ile nilikuwa mtwangaji wa mpunga pale Utende, enzi za Mdachi. Mikono yangu ilikuwa imekakamaa, hata mume wangu aliponipa talaka alinipa kwa adabu. Basi bibi mwenye shamba la minazi, mjane wa ukoo wa Kiarabu, aliponiita, nilidhani anataka mchele. Kumbe alitaka nimfundishe miguu.

Mwaka uliotangulia wanaume walimbeba mabegani kumpeleka kwenye mashua, kama wanavyobebwa mabibi wote wa nyumba kubwa. Wakamwangusha. Pwani nzima ilimwona amekaa majini, kanga zinaelea, na pwani nzima ilicheka. Akaapa hatabebwa tena maishani. Sasa binti yake wa pekee, aliyeolewa kisiwani Chole, alikuwa na mimba ya kwanza, tena hajiwezi, na Chole hufiki ila kwa chombo.

“Nifundishe nipande mwenyewe,” akaniambia. “Na ukimwambia mtu, utaniona.”

Tukaanza uani, milango imefungwa. Nikalaza gogo la mnazi liwe ubavu wa mashua, avuke juu yake, na nikampa mchi atwange ili mikono ipate nguvu. Lakini namwamrishaje mtu ninayempigia shikamoo kila asubuhi? Nilikuwa nikisema, “Bibi wangu, ukipenda, mguu huu ungeinuka kidogo.” Naye hujibu, “Haujapenda,” akaagiza halua. Mimba ikakua, mguu haukuinuka. Kwa mwendo ule mtoto angezaliwa, akatahiriwa, akaoa, na bibi yake bado anatafuna halua Utende.

Kisha habari zikaja kutoka Chole kwamba binti amevimba miguu na anamlilia mama yake. Bibi akauinua mguu, akagusa gogo, akaurudisha chini.

“Kesho,” akasema.

Nikapandwa na hasira. “Kesho nini! Mwanao analia huko, na wewe unaogopa gogo? Inua!”

Jikoni mpishi akaacha kukuna nazi. Nikajua kazi imeota mbawa, na pengine meno yangu yataifuata. Bibi alinitazama. Akainua mguu, akavuka. Akageuka akavuka tena, huku akinitukana mimi, mama yangu na kijiji kilichotuzaa. Nilimpenda sana siku ile. Tangu hapo mimi niliamrisha, yeye alitukana, na mafunzo yakaenda vizuri.

Siku ya safari wabebaji walikuja mbio, nguo wamezikunja. Akawafukuza. Akaingia majini mpaka magotini, akashika ubavu wa mashua, akarusha mguu, akakwama nusu ndani nusu nje, makalio yakiitazama Utende yote. Hakuna aliyethubutu kucheka.

“Inua!” nikapiga kelele.

Akaangukia ndani, juu ya kapu la machungwa.

Kule Chole tulimkuta binti kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Aliposikia sauti ya mama yake mlangoni hakugeuka.

“Wamekubeba, mama?” akauliza. “Na wewe uliapa.”

“Hawakunibeba. Shika nguo zangu, mwanangu, uone zilivyolowa.”

Binti akanyoosha mkono nyuma, akapapasa, akaupata upindo wa kanga uliojaa maji ya chumvi. Akaukumbatia, akalia kwa sauti.