Dada Zaina na Ndevu za Kireno

Harufu ya msiro hainipiti hivi hivi. Mpwa wangu Atija akianza kusugua kile kipande cha mti juu ya jiwe, akinyunyizia maji kidogo kidogo mpaka uji mweupe utokee, mimi huacha nilichokuwa nikifanya. Ndiyo harufu ya mama yake, dada yangu Zaina, aliyenilea. Alijipaka kila asubuhi, akawa mweupe kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, macho meusi yakicheka katikati.

Hapo kwetu Kionga, kaskazini mwa Msumbiji, kulikuwa na kibanda cha Kaka Saidi, chenye televisheni na mashine ya mchezo wa mpira. Alikuwa na sheria moja: msichana asishike komando, yaani kile kidude cha kuchezea. "Watanivunjia," alisema. Basi Dada Zaina, ambaye shuti lake liliogopwa na wavulana wote wa mtaani, alinifikisha mlangoni, akabaki nje akichungulia juu ya vichwa vyetu. Tukirudi nyumbani aliniuliza swali lile lile.

"Haya, leo nimo?"

Alitaka kujua kama mle ndani ya mchezo kuna mchezaji yeyote mwanamke. Hakuwemo. Nami kwa haya zangu sikuweza kumwambia. Nilimjibu tu, "Bado."

Siku moja niligundua kwamba mashine ile inakuruhusu kumtengeneza mchezaji wako. Nilikuwa darasa la nne, nasoma herufi moja moja. Nikaandika ZAINA. Ikaniuliza nchi. Nikaitafuta Msumbiji kwenye M, nikaikuta Moroko, nikaikuta Meksiko, nikaizunguka orodha nzima mara tatu, kama mtu aliyerudi kijijini asiione nyumba yao.

"Chagua basi, we kobe!" alinisukuma Momade, mtoto wa jirani.

Nikachagua Ureno, kwa kuwa maneno ya mashine yalikuwa ya Kireno kama ya shuleni, nikadhani huko ndiko karibu. Zikaja nyuso, zote za kiume. Nikachukua iliyo nyeupe kuliko zote, maana dada yangu nilimzoea mweupe. Ilikuwa na ndevu; nikajaribu kuziondoa, zikakataa.

Kibanda kizima kikaangua kicheko.

"Jamani, Zaina kageuka Mreno!" alipiga kelele Momade. "Tena ana ndevu! Mnyoe kwanza, la sivyo hapati mume!"

"Si Mreno," nilisema. "Kapaka msiro."

Wakacheka zaidi. Kaka Saidi alikuwa nyuma ya kibanda akitia petroli kwenye jenereta. Dada Zaina akavua kandambili mlangoni, akapenya katikati ya watoto, akachuchumaa kando yangu. Aliutazama ule uso kwa muda mrefu. Nilingoja acheke kama wenzake.

"Kumbe nimo," alisema taratibu, akanishika bega. "Haya, nikimbize uwanjani."

Nikamkimbiza. Nikapiga shuti, likapaa juu ya goli.

"Aka! Mimi pale sikosi," alisema. Vidole vyake vilikuwa vikibonyeza-bonyeza juu ya kanga, kama vimeshika kitu. Niliviona. Nikaendelea kucheza.

Kwa miaka mingi niliisimulia siku ile kama siku niliyompa dada yangu zawadi. Nilidhani kosa langu lilikuwa zile ndevu na ule Ureno. Lakini hayo alinisamehe palepale. Mwenye sheria alikuwa nje, komando iko mkononi mwangu, dada yangu yuko ubavuni, nami sikumpa.

Juzi nilikuwa nacheza kwenye simu, Atija akaacha jiwe lake, akaniegemea.

"Mjomba, na mimi nimo?"

Siku hizi wasichana wapo kwenye orodha ya wachezaji. Nikaanza kumtafutia anayefanana naye, kisha nikasita. Nikamwekea simu mkononi, hata kunawa hajanawa. Mpaka sasa kioo kina alama nyeupe za vidole vyake, na sijazifuta.