Kichwa cha Shangazi

Shangazi yangu aliyenilea Kikwajuni alikuwa na kichwa kisichotulia. Kilikwenda kulia na kushoto kama cha mtu anayekataa jambo, na kilitulia akilala tu. Majirani walisema ana shetani, apungwe. Yeye alikwenda hospitali. Daktari akampapasa shingo kutafuta tezi, akamuuliza anatumia dawa gani, kisha akamuuliza kama mama yake naye alikuwa hivyo. Alikuwa hivyo. Basi, akasema daktari, ni mishipa ya fahamu, umeirithi, wala haiui.

Hayo mama mkwe wangu hakuyajua alipokuja kuniposa, mwaka uliofuata mapinduzi. Alieleza haja yake kwa maneno mazuri, akainua macho, akakiona kichwa cha shangazi kinakataa. Akazidi kuyapamba maneno. Kichwa nacho kikazidi, maana furaha ilikichochea. Mwisho akaomba radhi, akajitanda buibui lake.

Kwetu jawabu la posa halitolewi siku ile ile. Upande wa mwanamke lazima uringe kidogo. Lakini shangazi alimwona mgeni yumo mlangoni anatafuta viatu.

"Mbona waondoka na kahawa hujanywa?" akamwita. "Mie nshakubali."

Basi niliozwa bila ya kuringiwa.

Sasa kichwa changu nacho kimeanza. Juzi mume wangu alinitazama nikimmiminia chai, akasema taratibu, "Kumbe mama siku ile alijibiwa kweli. Jawabu lilichelewa njiani tu."