Milioni Moja na Moja

Jamani, kuna watu ulimi wao hauna breki. Khalfani, muuza spea za magari pale Gerezani, ni mmoja wao, na ugonjwa wake ni namba. Mpe namba yoyote, ataivunjavunja mpaka akwambie inagawanyika kwa ngapi. Ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huiita tasa, kama alivyofundishwa shuleni.

Neno hilohilo ndilo mawifi walilokuwa wakimtupia mkewe, Shamsa. Ndoa ya miaka, mtoto hakuna. Shamsa alishapimwa, daktari akasema haoni tatizo, amlete mume. Mume naye haishiwi udhuru: leo mzigo umeingia, kesho fundi anamsubiri.

Ijumaa dada yake Khalfani, Sabaha, akaja kula pilau kwao Buguruni. Walipomaliza, akamchokoza kaka yake: "Haya bingwa, milioni moja na moja!"

Khalfani akashika simu. Akaigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, akapanda hadi tisini na saba. Kote inabakiza. Akachoka, akaitupa simu mkekani.

"Tasa hiyo! Ukubwa wote huo, bure kabisa!"

"Kama wengine humu ndani," Sabaha akadakia.

Na Khalfani, Mungu amsamehe, akacheka. Alipogeuka, Shamsa alikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa. Akawanawisha mikono, wifi kwanza, kisha mume, akarudi zake uani. Khalfani alitamani ardhi ipasuke immeze. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kayapasha kwa ajili yao.

Kesho yake dukani hata wateja aliona haya kuwatazama. Akairudia ile namba, ili tu macho yapate pa kukimbilia. Mia moja na moja hakuwa ameijaribu. Akaigawa. Ikatoka elfu tisa mia tisa na moja, bila kubakiza kitu. Lo! Akashusha mlango wa duka, huyo, mbio nyumbani.

"Shamsa! Ile namba siyo tasa! Nilikosea, sikumaliza kuipima. Inagawanyika kwa mia moja na moja!"

Shamsa alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso.

"Namba umeifungia duka, Khalfani. Mimi uliwahi kunifungia?"

Akakaa sakafuni, jasho linamtoka.

"Naogopa," akasema. "Naogopa nikipimwa itakuwa ni mimi."

"Najua," Shamsa akajibu. "Ndiyo maana matusi nimeyabeba mimi."