Shali Iliyozikwa Muleba

Mwanangu ana kaburi Muleba, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya bibi yake. Mwenyewe sasa hivi yuko hapa Miembeni chini ya cherehani yangu, anaburuta miguu yake sakafuni na kunivuta sketi nimpe vifungo achezee. Watu wakiniuliza mbona siku hizi siendi kwa wakwe zangu, nawaambia nauli imepanda. Nimechoka kuisingizia nauli. Ngoja niseme.

Alizaliwa hapa hapa Bukoba, mchana kweupe, akalia kwa nguvu mpaka nikacheka. Halafu nikaona muuguzi hacheki. Alimlaza kifudifudi, akamwita mwenzake, wakamfunika mgongo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi. Mgongo wazi, wakasema. Mimi ni fundi wa kushona, na nilipoonyeshwa, nilichoona ni mahali ambapo mshono haukufungwa, pale chini karibu na kiuno, na kifuko chekundu kimejitokeza, kinang'aa kama nyanya iliyomenywa. Daktari alieleza vizuri, Mungu ambariki. Si laana, si uchawi, si vidonge vya uzazi wa mpango. Mgongo haukufunga tangu mimba ikiwa changa, basi. Atapelekwa Mwanza kufanyiwa upasuaji. Miguu huenda isifanye kazi, na kichwa lazima kiangaliwe kisijae maji. Nikasikia yote, nikaelewa nusu.

Mama mkwe alifika jioni ile ile na shali nyeupe aliyoifuma kwa mkono wake. Huyu mwanamke nilimpenda, na nalisema bila aibu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na huyu ndiye aliyenifundisha kumenya ndizi bila kujichafua utomvu. Nilipokuwa na mimba alinitumia senene wa kukaanga kwenye kopo, kopo zima, akamwonya mwanawe asiguse hata mmoja. Alipouona mgongo wa mtoto alisema "Maawe!" tu, akashika kitanda. Kisha akaja kukaa upande wa miguu yangu, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, huyu ni wetu," akasema. "Mpeleke akatibiwe. Mkirudi mtalikuta jina lake linawasubiri nyumbani."

Kwetu jina la mtoto linatoka kwa baba yake, wanampa wazee wa ukoo, na mtoto asiye na jina la nyumbani ni kama mgeni anayesubiri mlangoni. Kwa hiyo neno lile lilinikaa rohoni. Mwanangu angepata jina, angewekwa kwenye mapaja ya bibi yake mbele ya watu, ingejulikana kwamba yupo. Hilo ndilo nililolitaka. Miguu tungeitafutia namna baadaye. Hatukuweza kumfunga ile shali kwa sababu ya kidonda, mama mkwe akaichukua pamoja na nguo nyingine akazifue nyumbani.

Tulikwenda Mwanza kwa meli, mimi na mume wangu, mtoto amelala kifudifudi mapajani mwangu njia nzima. Wakamfunga mgongo. Mume wangu ni fundi wa pikipiki, kazi ikamwita, akarudi Bukoba na kuniacha wodini na akina mama wenzangu, kila mmoja na mtoto wake wa kulala kifudifudi. Alipiga simu kila jioni. Akina mama wale walinionea wivu. Wengine wanaume zao walizima simu tangu siku waliyosikia neno "mgongo". Mimi nikawa natamba, mwanamke wa Kihaya nishindwe kutamba! Nikawaambia wangu si wa hivyo.

Na kweli, tuliporudi kwenye chumba chetu cha Kashai, hapa mjini, hakuwa wa hivyo. Naomba hili lieleweke, kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwanaume yule alinawa grisi mpaka kwenye viwiko kabla ya kumgusa mtoto. Alijifunza kumbadilisha nepi, na mtoto huyu nepi zake hazina saa, mkojo unatoka wenyewe tu. Alichukua futi yangu ya kushonea akampima kichwa kila wiki, ananisomea mimi kwa sauti kama anayetangaza mpira. Kila jioni akiingia alisimama mlangoni na kusema, "Bosi, umeshindaje?" Mtoto alipoanza kucheka, alianza kwa sauti hiyo. Si kwa yangu mimi niliyemzaa. Nilikuwa nawaonea wivu wote wawili, kwa furaha.

Kitu kimoja tu hakikwenda. Nikisema twende Muleba, kuna sababu. Kidonda hakijakauka. Barabara ya kuingia kijijini ina vumbi. Wazee bado wanalitafuta jina, unajua wazee. "Jina linatafutwa kama kazi serikalini?" nikamuuliza. Akacheka. Jumamosi moja alikwenda peke yake, akasema anakwenda kupalilia migomba ya mama, akarudi na mkungu wa ndizi na malengelenge viganjani. "Wanakusalimu sana," akasema. "Wanamuulizia mtoto." Nilimpaka mafuta yale malengelenge, mimi mwenyewe, taratibu, namwambia pole.

Nilimpigia mama mkwe kumuulizia ile shali, maana baridi ilikuwa inaingia. Akasema ipo, itakuja.

Basi mtoto akafika umri wa kushika vitu. Nilikuwa nimerudi kazini Miembeni, namlaza juu ya meza ya kukatia nguo, nimemwekea mito pande zote. Siku hiyo akaja mwanamke jirani wa mama mkwe kule kijijini, amekuja mjini kwa shughuli zake na amekumbuka kwamba ninashona. Aliniletea gauni la kupunguza. Akanishika mikono yote miwili kabla hata ya salamu.

"Pole, waitu, ndugu yangu. Pole sana. Tulilia sana siku ile."

Nikadhani anasema kuhusu ugonjwa. Nikamwambia ahsante, tunaendelea vizuri. Akatazama mezani.

"Na huyu wa nani?"

"Wangu."

"Wako?" Akahesabu kichwani, nikamwona anahesabu. "Umepata mwingine upesi hivyo?"

"Mwingine yupi? Sina mwingine. Ndiye huyu."

Mwanamke yule alifanya ishara ya msalaba na kukaa kwenye stuli ya wateja. Ikabidi nimpe maji ndipo aseme. Mwanangu alikuwa amefariki Mwanza, kwa mujibu wao. Aliletwa nyumbani amefungwa tayari, na nani, sikuuliza, akazikwa asubuhi na watu wachache, kama wanavyozikwa watoto wachanga, bila matanga, na watu wakaambiwa kwamba mimi nimebaki hospitali sijiwezi. Hakuna aliyeomba kufunua. Nani anaomba kufunua kitoto kichanga?

"Alikuwa kwenye shali nyeupe," akasema. "Ile aliyoifuma bibi yake."

Sikulia. Nilimaliza kupunguza gauni lake, tena vizuri. Jioni sikumwambia mume wangu chochote, na sababu yake inanichekesha sasa kwa uchungu. Nilimhurumia. Niliwaza, mama yake amemfanyia mwanawe jambo baya namna hii, mume wangu akijua litamuua. Nikawaza niende kwanza mimi nikasikie, nimwambie kwa namna ya kumpunguzia. Alimpima mtoto kichwa, akanisomea. Nikasema afadhali.

Kesho yake alipotoka kwenda kazini nikapanda mchomoko, ile teksi ya kubanana ya kwenda Muleba, nimempakata mtoto mbele. Mama mkwe nilimkuta uani anaanika kahawa. Aliponiona hakunitazama mimi wala mtoto, alitazama njia kwanza, juu na chini.

"Ingia ndani," akasema. "Ingia ndani upesi."

"Sina haraka, mama."

Nikapita nyuma ya nyumba. Hakunizuia. Lilikuwa pembeni ya kaburi la babu, tuta dogo, dogo kweli, limepandwa ile mimea tunayopanda makaburini na kwenye mipaka, na imeshashika. Limepaliliwa vizuri kuliko migomba. Nilisimama pale na marehemu mikononi, anavuta hereni yangu. Naona watu wanasema uchungu wa kuzaa haufanani na mwingine. Waje wasimame pale.

Mama mkwe akanifuata na kahawa za kutafuna kwenye kisahani, kama kwa mgeni. Sikuzichukua.

"Kuna nini humo ndani?"

"Kipande cha mgomba," akasema. "Na shali."

"Kwa nini, mama? Ulinishika miguu. Ulisema huyu ni wetu."

"Nilikuwa nakuokoa wewe." Akaanza kulia, na naamini alilia kweli. "Hujui watu wa hapa. Wangesema umeleta mkosi kwenye ukoo. Wangemtafutia mume wako mwanamke mwingine, na wewe ungefukuzwa na huyo mtoto wako. Anayekufa hasemwi, mwanangu. Anayelemaa anasemwa mpaka azeeke. Nikawaza mkae naye huko mjini, mzae mwingine, huyo wa pili ndiye aje nyumbani."

"Na huyu?"

Aliinama, akaokota jani kavu juu ya tuta, akalitupa.

"Mwanao akijua," nikasema, "hatakusamehe. Nakuapia. Huyu ndiye roho yake. Akijua ulivyochimba hapa kwa siri..."

Akanikatiza. Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa, kwa huruma.

"Nichimbe mimi?" akasema. "Na mgongo huu wangu?"

Nilikumbuka malengelenge. Nilikumbuka mafuta niliyompaka, kidole kwa kidole, nampa pole. Loo! Nilikaa chini kwenye majani ya migomba kwa sababu miguu ilikataa, na kwa mara ya kwanza nikajua mwanangu anajisikiaje.

Mama mkwe akampigia simu, wakasema kwa Kihaya, harakaharaka, kisha akanipa. Nilitegemea kelele, nilitegemea kuombwa radhi, nilitegemea hata uongo mzuri. Alikuwa anahema.

"Kuna mtu amekuona?" akauliza.

Hakumuulizia mtoto. Nikasema, "Njoo ujionee," nikarudisha simu. Kisha nikatoka nyuma kule, nikachukua stuli, nikakaa katikati ya uwanja wa mbele, panapoonekana kutoka njiani, nikaanza kumnyonyesha mtoto. Mama mkwe alinisihi niingie. Nikamwambia jua la asubuhi linamfaa.

Yule mwanamke wa gauni alikuwa amesharudi tangu jana, na unadhani alilala na habari ile tumboni? Walianza kuja. Wa kwanza alijifanya anapita, wa pili alikuja na ndizi kama anakuja msibani, mwisho wakajaa. Hawakukaribia. Nikawaambia, "Njooni mumsalimie marehemu." Mmoja akaguna, mwingine akacheka kwa woga. Yule jirani ndiye aliyesogea, akamshika mtoto mguu, ule usiosikia, akaufunika vizuri na kanga. Nikawageuzia mgongo wake waone kovu, limefungwa safi, fundi aliyeshona pale anajua kazi. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyesema mkosi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa mdomoni.

Mume wangu alifika na pikipiki ya mteja. Alizima injini mbali kidogo, akawaona watu wote wale, akapunguza mwendo. Nilisimama. Nilikuwa na hasira ya kumpasua mtu, lakini niwe mkweli, bado nilikuwa namsubiri. Kila jioni alimpokea mtoto huyu mikononi mwangu. Nikawaza, akimpokea tu sasa hivi, mbele ya hawa, nitasamehe. Tutakwenda pamoja kulifukua lile tuta, nitaifua ile shali.

Nikamnyooshea mtoto. "Mpokee."

Akaweka mikono yake nyuma.

Akawageukia watu, sio mimi. Akasema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu aliyechoka na mgonjwa wake, "Jamani, mtuwie radhi. Mke wangu hajakaa sawa tangu tulipofiwa. Huyo mtoto ni wa mwenzake wa wodini."

Watu wakanitazama mimi.

Mtoto alikuwa ameisikia ile sauti. Aligeuza kichwa, akaanza kuitafuta, huku na huku, mpaka akampata. Akamnyooshea mikono yake miwili, akacheka kile kicheko chake cha jioni, kwa nguvu, mpaka mwili ukatikisika.

Hakuna aliyesogea. Mume wangu alitazama chini.

"Baba," akasema yule jirani, taratibu tu, kama mtu anayeuliza njia. "Mbona anakujua?"