Askari wa Kifuniko cha Soda

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo. Nakumbuka siku moja, sijamaliza hata miezi miwili tangu niolewe, nikiishi na babu yenu Zakayo chumba kimoja kule Ngara.

Zakayo alikuwa fundi wa saa mjini, lakini moyo wake ulikuwa kwenye sataranji. Si kucheza, mwanangu. Kutunga mafumbo. Anapanga wafalme, farasi na askari ubaoni, kisha anakuuliza: weupe watamfunga mfalme mweusi vipi kwa hatua tatu? Wiki nzima alihamisha askari mmoja tu, huku na huku. Nikasema moyoni, hapa nimeolewa na mgonjwa.

Asubuhi hiyo alitoka mbio kwenda kazini, akaniambia: "Ruthi, fumbo limekubali! Nichoree ubao wote kwenye karatasi, upeleke posta. Gazeti linafunga shindano leo."

Lilikuwa fumbo lake la kwanza kutuma popote.

Nikapanguza meza kwanza, maana mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bungoma. Karibu na ukingo wa ubao nikaona kifuniko cha soda. Uchafu gani huu! Nikatupa, nikachora waliobaki, nikafunga bahasha.

Mama mkwe akachungulia pipa.

"Wewe! Umemtupa askari?"

"Mama, hicho ni kifuniko."

"Mwanangu alijifunzia mchezo huu kwa vifuniko. Askari wa mti akipotea, anaweka hicho. Wewe umeona taka. Ulimuuliza yeye anaona nini?"

Nikakiokota kifuniko pipani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa askari huyo alikuwa amesimama mraba upi? Sikujua. Tukashuka mjini kwa miguu hadi kazini kwa Zakayo, mama mkwe mbele na leso yake, mimi nyuma na bahasha. Zakayo alipoitazama karatasi yangu alicheka mpaka miwani ikaangukia saa ya mteja.

"Ruthi, uliyemtupa ndiye fumbo lenyewe! Askari akifika mwisho wa ubao hugeuzwa kete nyingine, na kila mtu anataka awe malkia. Yeye anakataa, anakuwa farasi, na mfalme amekwisha!"

"Si ungeweka askari kamili?"

"Na wewe si ungeuliza?" akadakia mama mkwe.

Zakayo akamchora askari mahali pake. Tukaingia posta mlango ukivutwa kufungwa.

Gazeti likalichapa fumbo lile. Tangu hapo ametunga mengi, na mpaka leo hapa Mutuini anaacha chai ipoe kwa sababu ya farasi.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kufuta kazi ya mwenzako kwa kuwa wewe huielewi. Ukiishi na mtu ambaye furaha yake huioni, muulize akuonyeshe. Mungu awape subira, na mtu wa kucheka nanyi mkikosea.

Na amri niliyotoa nyumbani kwangu, hata mgeni anaifuata: meza ya mtu haipanguzwi mpaka mwenyewe aulizwe.