Siku Niliyolia Machozi Meusi Ruashi

Nikubali mapema kwamba mkasa huu nimeuficha miaka mingi, hata mke wangu aliusikia kwa watu wengine, kwa sababu mtu anayeitwa mfamasia hapendi ijulikane kwamba siku moja nusura apigwe matangani kwa ajili ya dawa aliyoshindwa kuishika yeye mwenyewe.

Ilikuwa wakati ule Katanga imejitenga, na Lubumbashi kwenye karatasi bado inaitwa Elisabethville, na sisi watu wa Kasai, hata tuliozaliwa palepale, tunaulizwa kila kona tumetoka wapi (mimi nilitoka Ruashi, mtaa wa mji uleule, lakini jibu hilo halikumridhisha mtu). Wengi wetu walikuwa wamekwisha kukimbia. Waliobaki waliangaliana kwa wasiwasi, maana hukujua nani kasema nini kwa nani.

Jirani yetu, Baba Kabeya, alikuwa anagawa dawa kwenye dispansere, zahanati ya mtaa, na ndiye aliyeniambia nisome famasia. Siku ya kwenda chuo kikuu cha Kasapa kuomba nafasi alinisindikiza akiwa amevaa koti lake la harusi. Mwenye biro, ofisi ya kuandikisha, aliponiuliza kwa nini famasia na si ualimu, nikawa bubu wa Kifaransa na wa Kiswahili pamoja, na Baba Kabeya akajibu kutoka nyuma yangu kwamba kijana huyu anasoma maandishi ya kwenye chupa hata yale yaliyofutika. Mwenye biro akacheka. Nikapata nafasi, na mpaka leo sijui nilipata kwa alama zangu au kwa kicheko kile.

Mwaka wa kwanza hatukutibu hata mafua. Ilikuwa kemia, mizani, na majina ya mimea kwa Kilatini, lakini kule Ruashi mama mmoja akiniuliza juu ya kikohozi cha mtoto wake, mimi nilikuwa natikisa kichwa polepole kama mtu anayejua mengi ila hajaruhusiwa kusema.

Jumamosi moja asubuhi niko laboratware, yaani maabara, mwenzangu kutoka mtaani kwetu akaja kuniambia Baba Kabeya amefariki. Homa, siku chache tu, na kwinini haikuwepo kwenye dispansere aliyofanyia kazi yeye mwenyewe, kwa kuwa njia zilikuwa zimefungwa. Nikageuka haraka, na kiwiko changu kikaangusha kichupa cha nitrati ya fedha, kitu ambacho kwa macho ni maji tu. Tulikuwa tumeambiwa kwamba ile iliyopo ikiisha basi. Ningemwita msaidizi wa mwalimu nikamwambia imemwagika, jambo lingekwisha hapo, lakini aliyekuwa amenipa sifa ile ya kusoma chupa amelala maiti na mimi sikutaka kugombezwa siku ile, kwa hiyo nilitoa mushwari wangu mweupe, kitambaa cha mfukoni, nikaifuta meza ikang'aa, nikaurudisha mfukoni, nikachukua baiskeli.

(Tulikuwa tumefundishwa vizuri kabisa kwamba dawa ile ikigusa ngozi, halafu jua likaiona, inageuka nyeusi na haitoki kwa sabuni. Nilikuwa nimeandika jambo hilo kwenye mtihani na kupewa alama zote.)

Kutoka Kasapa mpaka Ruashi kwa baiskeli, jua limewaka, utatoka jasho hata kama huna huzuni, na mimi nilikuwa na vyote viwili. Nikawa napiga pedali na kufuta uso, napiga pedali na kufuta shingo, na nilipofika na kusikia akina mama wakilia ndani, machozi yakanitoka, nayo nikayafuta kwa mushwari uleule. Kivuli cha uwanja walipewa wazee. Mimi nikakaa kwenye benchi ya juani, na nisiseme uongo, nilipenda nionekane nateseka kidogo kwa ajili yake.

Baada ya muda nikaona naangaliwa. Mama mmoja aliyekuwa anagawa maji alinifikia akasimama, kikombe mkononi, kisha akampa mtu wa mbele. Wanaume wawili wakainamiana masikioni. Mimi nikajua wanasema, yule ndiye mtoto wetu wa chuo kikuu, basi nikanyoosha kola na kusogeza kalamu ya mfukoni ionekane vizuri. Aliyekaa kulia kwangu akahama. Wa kushoto naye akahama. Hiyo pia nikaiita heshima.

Ndipo mdogo wake marehemu, Baba Mpoyi, akatoka nyumbani akaja kusimama mbele yangu.

"Mutombo, angalia mikono yako."

Nikaangalia. Viganja vilikuwa vyeusi kama vilivyoshika makaa, kucha vilevile, na kola ya shati, nilipoivuta nione, ilikuwa na madoa meusi. Uso sikuweza kuuona, lakini bikizee mmoja kivulini alikuwa anauelezea kwa mwenzake, kwamba ule mutoto alifika mweupe wa shati na sasa analia makaa, na marehemu ndiye amemuonyesha muntu aliyemuua.

Hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nikaeleza kwa Kifaransa. Nikataja nitrate d'argent, nikataja mwanga, nikaendelea na fomula yake mpaka mwisho, na kila nilivyozidi kusema niliona watu wanarudi nyuma, kwa kuwa kwa masikio yao ilikuwa kama mtu anayesoma uganga wake waziwazi. Nikabadili nikasema kwa Kiswahili chetu, ambacho ndiyo tunaiita njo: "Baba, ni dawa ya masomo. Ikiona jua njo inageuka."

"Dawa gani inangoja muntu afike ku matanga?" akauliza Baba Mpoyi.

Nikageuka kutafuta njia ya kutoka. Mtu alikuwa amekwisha kuondoa baiskeli yangu ukutani, na mwingine akafunga mlango wa uwanja. Kupiga kelele haikuwezekana, kwa sababu ambaye angenisikia nje ni jandarme, askari wa Katanga, na kumwingiza jandarme kwenye uwanja wa watu wa Kasai siku zile kungekuwa uchawi wa kweli. Nikasimama tu, nikifikiri kwamba mama yangu atapata habari hii kabla ya jioni, sijui kwa namna gani.

Mama Ntumba, mjane, akatoka ndani akishikwa mikono na dada zake. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia. Akauliza niko na dawa ile bado, nikamwonyesha mushwari. Akanyoosha mkono.

"Niwekee miye."

"Mama, haitatoka kwa sabuni. Utakaa nayo siku nyingi."

"Niwekee. Bwana wangu njo alikupeleka kule. Miye naamini, lakini aba bantu banataka kuona."

Nikafungua mushwari mpaka kwenye mkunjo wa ndani ambao ulikuwa bado na unyevu, nikaukandamiza kiganjani mwake. Akakaa benchini pembeni yangu, mahali ambapo kila mtu alikuwa amepakimbia, akaweka mkono juu ya goti, kiganja kikitazama jua.

Tukangoja. Sijawahi kungoja vile, wala mtihani, wala mke wangu alipojifungua. Kwa muda hapakuwa na kitu, na nikaanza kuamini kwamba dawa yote imeishia usoni mwangu. Halafu katikati ya kiganja pakawa na rangi ya chai. Ikawa ya kahawa. Baba Mpoyi alichuchumaa, akakisugua kiganja kwa kidole chake, akakiangalia kidole, kisha akaangalia uso wangu kwa muda mrefu, na midomo ikaanza kumtetemeka. Alicheka kwanza bikizee yule wa kivulini. Kicheko kikatembea uwanja mzima, watu wakiziba midomo kwa kuwa maiti iko ndani, na mtu akaniletea kioo. Mistari miwili ilishuka kutoka machoni mpaka kidevuni, na juu ya mdomo nilikuwa na sharubu upande mmoja tu.

Baiskeli ilirudishwa ukutani. Nikaletewa maji, na Baba Mpoyi akasema nitabeba jeneza pamoja nao, nikalibeba hivyohivyo, na njia nzima ya makaburi watu wasiotujua walinitazama mimi badala ya maiti.

Lakini kabla ya hapo, wengine wakicheka, Mama Ntumba alikuwa bado anatazama kiganja chake. Akaniuliza polepole, ili mimi tu nisikie, kama dawa ile ingesaidia homa ya bwana wake.

Nikamwambia hapana, ile haisaidii homa.

"Inasaidia nini?"

Nikakumbuka karatasi ya mtihani, nikaona hakuna hata neno moja pale la kumpa. Nikamwambia sijui bado, mama. Akafunga mkono, akasema basi, urudi kusoma, akainuka kwenda ndani.

Jumatatu nilikwenda Kasapa na uso wangu, nikamwambia msaidizi kilichomwagika, akanigombeza kama nilivyojua atanigombeza, na hakunifukuza. Tangu hapo sijatoka mahali pa dawa bila kunawa mara mbili. Na mgonjwa au jamaa yake akiniuliza kitu nisichokijua, sitikisi kichwa polepole. Namwambia sijui, kwa lugha anayoisikia.