Eda Tatu za Mume Mmoja

Kama umekuja kucheka, cheka sasa umalize, ndipo nianze. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimelala. Usiniletee habari za majini wa usiku. Wale angalau wana adabu, wanangoja giza. Langu mimi lilikuja baada ya adhuhuri, chakula kiko jikoni.

Naishi Rumonge, mtaa wa Waswahili, nyumbani kwa mama mkwe wangu, Mama Saidi. Kazi yangu majirani hawaielewi, wanadhani nashinda nikichati. Ni hivi. Kuna mradi wa uvuvi unaokusanya habari za samaki kila asubuhi kando ya ziwa, kuanzia Kabezi hadi Kabonga: mtumbwi gani umerudi, una wavuvi wangapi, wameleta mukeke au ndagala, yaani dagaa. Habari hizo zinakaa kwenye ghala la data, na ghala lenyewe linaendeshwa na kundi la kompyuta zilizo mbali sana, ambazo sijapata kuziona na sitaziona. Kundi hilo tunaliita klasta, na mlezi wake ni mimi. Asubuhi naiamsha, jioni nailaza, kazi ikizidi naiongezea nguvu, kazi ikiisha naifuta. Naweza pia kuichukulia nakala, na kutoka kwenye nakala hiyo nikaiunda upya vile vile ilivyokuwa siku ile. Yote nayafanya kwa laptopu, nimekaa mkekani.

Saidi, mume wangu, alikuwa mwandishi wa samaki kwenye mwalo wa Magara. Tulijuana kwa simu. Siku moja aliandika mukeke mahali pa ndagala, nikampigia nimkaripie, akacheka, na hasira yangu ikaishia pale pale. Tulikaa kwenye ndoa miaka miwili. Kisha asubuhi moja mtumbwi ukachelewa kurudi, watu wakapanda mwingine kwenda kuutafuta, na yeye akapanda nao, kazi isiyokuwa yake. Upepo ukawapindua. Wenzake walirudi wanaogelea, yeye hakurudi, na mwili hatukuupata. Wazee wakangoja, mwalimu wa msikiti akangoja, mwisho akasema tumhesabu marehemu. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi: sitoki, sijipambi, sionani na mwanaume asiye maharimu wangu. Kazi niliendelea nayo humo humo ndani. Ni mimi mwenyewe niliyeandika kwenye orodha ya waandishi kwamba Saidi amefariki.

Zilikuwa zimebaki siku tisa nimalize. Chef wetu wa Bujumbura, ndiye mkuu wa mradi, mama mmoja mpole, akanipigia akitaka nifungue nakala ya mwanzo wa mradi, alinganishe samaki wa zamani na wa sasa. Nakala za kila siku hujifuta zenyewe baada ya muda, lakini hiyo moja ilibaki kwa sababu niliiweka kwa mkono wangu. Ilikuwa ya kabla sijajuana na Saidi. Humo ndani alikuwa mwandishi wa Magara, mzima, kazini. Naapa sikuliwaza hilo hata kidogo. Nikaanza kuiundia nakala hiyo klasta yake, kando na ile ya kila siku, nikaenda kutawadha, nikaswali. Niliporudi, skrini ilikuwa inasema iko tayari, na hapo hapo nikasikia hodi.

Wewe sauti ya mumeo ungeisahau? Mama Saidi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akafungua mlango kabla sijamzuia.

"Mama, amahoro," alisalimia. "Iko chakula? Niko na njaa."

Alikuwa amevaa jaketi lake la rangi ya chungwa, na viatu ambavyo mimi nilikuwa nimeviona kwenye picha zake za zamani tu. Hakuwa kivuli. Alikanyaga, alinuka jasho na samaki, alimshika mama yake begani. Nilisimama nimrukie, niamini, nilikuwa tayari kumkumbatia hata kama ni shetani. Lakini yeye aliponiona aliangusha macho chini, akarudi nyuma hatua moja, akakaa karibu na mlango, vile mwanaume mwenye adabu anavyokaa mbele ya mjane wa watu.

"Mama, huyu mugeni ni nani?" akauliza. Mama Saidi akageuka kwenda kupakua. Saidi akaitazama nguo yangu ya eda kwa pembe ya jicho, akaelewa kwa namna yake. "Pole, dada. Mungu amurehemu mume wako."

Nikasema amina. Niambie, ningesema nini kingine?

Alikula, akashukuru, akakaa na mama yake alasiri nzima. Jioni, kwa mazoea, nikailaza klasta. Dakika ile ile akasimama, akaaga, akatoka. Usiku sikulala, na nadhani ndipo nilipoelewa kwamba yeye na klasta ile wanaamka na kulala pamoja. Asubuhi nilipoiamsha, hodi ikaja tena. Siku tano ikawa hivyo. Mama Saidi akawa mtu mwingine, anapika kama yuko arusini, anaimba. Mimi nilikuwa nakaa pembeni, nimejifunika, namsikiliza mume wangu akizungumza nyumbani kwake, na mimi ni mgeni. Wivu wa kumwonea mama mzazi wa mumeo sijui kama unaujua. Niliujua siku hizo, na nikaona aibu.

Siku ya nne nilijikaza nikamwomba asipande mtumbwi wowote wa kwenda kutafuta watu.

"Dada, mimi ninaandika samaki tu," alisema, akicheka kwa heshima. "Mutumbwi si kazi yangu."

Chef alikuwa amekwishapata alichokitaka siku ya pili. Mashine zikikaa macho bila kazi, kule Bujumbura zinaonekana. Nilimdanganya mara moja, nikamdanganya tena, kisha akaniandikia waziwazi: ifute leo. Ukifuta klasta unaulizwa kwanza kama unataka nakala ya mwisho. Nikajibu ndiyo. Nilidhani siku zile tano zitaingia humo, na akija tena atanijua japo kama mgeni aliyemkuta kwa mama yake. Baada ya hapo unatakiwa uandike kwa herufi zako neno la kuthibitisha. Nikaliandika. Saidi alikuwa mlangoni, anafunga kamba za kiatu. Alinyanyuka, akasema anaenda Magara, akatoka. Mama Saidi alimkimbilia hadi barabarani, na barabara ilikuwa tupu pande zote mbili.

Aliporudi hakunipigia kelele. Aliufunga mlango, akakaa.

"Mutoto wangu amekufa leo," alisema. "Anza kuhesabu upya."

Zilikuwa zimebaki siku nne tu nitoke eda. Ningeweza kukataa, nikamwita mwalimu, nikataja sheria. Sikukataa. Wajane wengine humwachia Mungu, wakalala. Mimi nilikuwa nimeandika neno lenyewe kwa vidole vyangu, na alikuwa mita tatu kutoka nilipokaa.

Mwezi wa tatu wa eda hiyo ya pili, Mama Saidi alikuja akapiga magoti mbele yangu. Mama mkwe kumpigia magoti mke wa mwanawe, umewahi kuona? Aliniambia, "Muamushe tena, binti yangu, hata siku moja." Nikaiunda klasta kutoka kwenye ile nakala ya mwisho. Hodi ikaja, jaketi lile lile, njaa ile ile, na akaniangalia, akaangusha macho.

"Mama, huyu mugeni ni nani?"

Zile siku tano hakuwa ameandika chochote, na ghala linatunza kilichoandikwa. Sisi kwake hatukuwa tumetokea. Alinipa pole upya kwa maneno yale yale, nikasema amina. Safari hii chef aligundua siku ya pili. Nikafuta. Akatoka. Tukahesabu upya.

Hii ndiyo eda yangu ya tatu, siku ya kumi na mbili. Miezi saba sasa sijafika sokoni. Ndugu zangu wa Kabezi walikuja kunichukua, nikawarudisha. Mwalimu wa msikiti anawaambia wanawake waige subira yangu, masikini, hajui kitu. Mwili wa mume wangu uko ziwani mahali fulani na nimeacha kuuombea, kwa sababu sijui tena namwombea yupi kati ya watatu.

Wewe unayesikiliza, aliyekufa mwache afe mara moja. Lia, hesabu siku zako, maliza, toka nje uoge. Na siku ukiulizwa kama unataka kubaki na nakala ya mwisho, jibu hapana, ufunge mashine, uende ukalale. Mimi ile nakala ninayo bado. Leo Mama Saidi ametoa sahani tatu kabatini, nasi tuko wawili nyumbani, na laptopu nimeshaiwasha.